Mapasa ya ku Mulango

Ku Oblanshi hakuna mutu anaingia bila kusimama mbele ya Alfani. Alfani njo mulinzi ya ile mulango ya chuma, mutu ya Maniema, mufupi, suruali anaifungaka yulu karibu na matiti, na nyuma yake kuko kibao ya bluu: TOUR YA MUTO, MIAKA KUMI NA KUENDELEA. MUZAZI ASEME KWELI. Jina ya kweli ya ile fasi ni Parc Eaux Blanches, lakini nani mu Kisangani iko na ulimi ya kusema vile kila siku? Oblanshi, basi. Kuko toboggan ya kuteleza, kuko nyumba ya mupira ya batoto kuruka, na juu ya yote kuko ile bateau ya mupira inapelekaka batu kwenyi mayi ya muto Tshopo inakimbia katikati ya mawe. Unashuka, unapiga kelele, unatoka umelowa, banakupiga photo. Likizo ilikuwa imeanza tu. Muji muzima ilikuwa kule.

Papa Bavon alikuwa mu ile foule ya batu na bibi yake Ursule na batoto yao bawili. Israël, miaka kumi na moya. Élise, munane. Hii munane njo maneno yote, donc uishike.

Élise alikuwa amekamata nafasi ya kwanza ku masomo. Israël, bon, Israël yeye alikuwa amebakia mu darasa ile ile. Na Bavon, mwenyi kuchargeaka batu telefone pale ku kona ya avenue yao mu commune ya Tshopo, alikuwa ameambia kila mutu mwenyi kuacha telefone: “Mutoto yangu atapanda bateau. Bavon akisema, amesema.” Billet alinunua mu muji, ku mukono ya kijana mumoya ya mu barabara. Ile kijana hakumuambia maneno ya miaka. Kumurudishia makuta, usahau.

Sasa iko mbele ya kibao, iko nasoma, iko nasoma tena.

“Umeona?” akauliza Ursule.

“Nimeona,” Bavon akajibu.

“Basi Israël apande. Élise atacheza ku toboggan, mi nitamuangalia.”

“Israël? Mwenyi kubakia darasa njo apande, na mwenyi kuwa ya kwanza akae chini amupigie makofi? Nitapita namuna gani ku avenue?”

“Utapita na miguu, kama siku zote.”

Bavon hakucheka. Alivuta familia yote kando, nyuma ya mama mumoya mwenyi kuuzisha karanga, akainama mbele ya Élise.

“Mama mudogo, bakikuuliza uko na miaka ngapi?”

“Munane, papa.”

“Hapana. Leo uko na kumi na moya.”

“Kumi na moya ni ya yaya Israël.”

“Njo vile. Muko naye sawa.”

Mutoto akafikiri. Kichwa yake ilikuwa nyepesi, si bure alikuwa ya kwanza. Tena alikuwa murefu, mabega yake na ya Israël zilikuwa karibu sawa, nyama njo ilikosa, mifupa tu. “Alors tuko mapasa?” akasema.

Bavon akaangalia bibi yake na meno inje. “Umesikia? Hii kichwa! Mapasa! Tumbo moya, siku moya, nani atauliza tena?”

“Bavon, batu habachezake na mapasa,” Ursule akasema polepole. “Mama yangu alikuwa anasema, ukiita mapasa kwenyi haiko, mapasa batakuya kuangalia nani anabaita.”

“Ni ya kupita mulango tu. Tukitoka, beko tena yaya na mudogo yake.”

Ursule alikuwa na maneno ingine mu kinywa. Lakini batu beko nasukuma nyuma, jua iko nachoma, na Élise alikuwa amemushika kikwembe iko naruka-ruka. Akanyamaza.

Alfani akakamata billet, akaangalia Israël, akaangalia Élise muda murefu. “Papa, hii mudogo iko na ngapi?”

“Mudogo gani? Hii ni mapasa, papa.”

Ukitaka kuona mutu ya kwetu akibadirika uso, sema hii neno. Mapasa si batoto tu. Mapasa beko na nguvu yao. Ukipatia moya, unapatia na ingine kitu ile ile. Ukikasirisha moya, zote mbili batakukasirikia, na ugonjwa itakutafuta fasi unalala. Habatenganishwe. Tena haubishane na bo. Alfani, na mashaka yake yote mu macho, mukono yake ikafungua mulango yenyewe.

Na ile mama ya karanga akapiga kilio ya furaha. Jina yake Françoise, yeye mwenyewe mama mapasa, alibazaa, alibalea. “Mapasa! Yee! Mapasa ya Mungu!” Akatosha karanga mu karatasi mbili, sawasawa, akabapatia kwa mukono ya kuume na ya kushoto mara moya. Akaanza wimbo. Bamama bengine bakaitika, bakaanza kutupia batoto makuta ku miguu. “Nani alitangulia kutoka?” akauliza Françoise. Israël akanyosha kidole, na haya. Élise yeye iko nacheza, kiuno hii huku, kiuno hii kule, kama mutu mwenyi kungoya ile siku tangu azaliwe.

“Mama mapasa, okota!” bakaita Ursule. “Ni ya kwako!”

Ursule akainama, akaokota ile makuta, akaifunga mu kikwembe.

*

Ku mayi, mwenyi kuvalisha batu gilet ya kuelea alikuwa René. René ni mutoto ya bavuvi, kwao ni kule ku maporomoko, alijua kuogelea mbele ya kujua kusema. Alivalisha Israël, akapiga mukono ku mugongo yake, sawa. Akavalisha Élise. Akavuta mukanda mupaka mwisho. Gilet ikapanda mupaka ku masikio ya mutoto. Akaishusha, akavuta tena, ikapanda tena.

“Iko na kumi na moya kweli, papa?”

Hapa njo fasi Bavon alikuwa anaweza kusema. Hakuna polisi, hakuna hasara kubwa, ni haya kidogo tu mbele ya batu. Akafungua kinywa.

“Anakulaka kama bibi arusi,” akasema. “Anaonja, anaacha.”

Batu bakacheka. René pia akacheka, lakini mukono yake haikutoka ku mukanda. “Unajua, papa, gilet zetu ni saizi moya, ya batoto bakubwa. Njo maana tuliandika kumi. Si roho mubaya. Hii mutoto nimutoshe, abakie na mama yake. Ile mwanaume apande.”

“Unasema nini?” Ni mama Françoise. Aliacha karanga yake, alifuata mapasa mupaka ku mayi, juu mapasa banavutaka batu. “Unatenganisha mapasa ku mayi? Moya yulu ya mayi, moya inje? Unataka bateau ibinduke na batoto ya batu?”

“Mama, ni gilet tu…”

“Gilet! Muliona? Anasema gilet!”

Na bale benyi kukaa mu bateau bakaanza kunungunika, mama moya akasema yeye atashuka kama mapasa banatenganishwa. René akaangalia Bavon. Bavon akaangalia mayi. Basi René akafunga ile mukanda mara ya mwisho, na fundo yulu ya fundo, akabeba Élise akamukalisha karibu na yaya yake.

“Mama!” Élise akaita kutoka mu bateau. “Uniangalie mi! Usiangalie Israël!”

Ursule akamuangalia. Alimuangalia mupaka ile bateau ikafika ku mawe ya kwanza, ikaruka, batu bakapiga kelele ya furaha. Ikafika ku ya pili. Pale ikasimama na ubavu, kama mulango wakati upepo inaifungua, na batu bakamwangika mu mayi.

Kelele ilikuwa ile ile. Ku kando ya mayi batu bengine beko nacheka bado, banafikiri ni mu programme. Alafu gilet za orange zikaanza kutokea yulu ya mayi, moya, ingine, ingine, na kila gilet na kichwa yake. Kichwa ya Israël ikatokea. Karibu naye ikatokea gilet ingine, na mukanda yake, na fundo yulu ya fundo, na ndani hakuna mutu. Ursule akaingoya ile kichwa. Alikuwa na hakika itakuya. Aliingoya na mikono yote mbili yulu ya tumbo, hakulia ata kidogo, juu kulia ni kusema haitakuya.

Bavuvi balitupa pirogi zao bila kuambiwa. Balimupata Élise chini kule, ku miti yao ya kutega samaki. René alikuwa ndani ya mayi, njo yeye alimubeba mupaka inje. Polisi balimukamata René pale pale, nguo yake ilikuwa ingali na mayi.

*

Kesho yake asubui, camionnette ya Oblanshi ikaingia mu parcelle yao. Ikashusha bâche ya kivuli, viti ya plastiki, mufuko ya muchele, na jeneza nyeupe, muzuri, na vyuma ya kungaa. Gérante ya parc, madame Bijou, akashuka mwenyewe, na kikwembe nyeusi na miwani nyeusi, na agent ya polisi mumoya nyuma yake, ku pikipiki.

“Papa Bavon, mama, pole sana. Parc itasaidia mupaka mwisho. Mapasa ya Oblanshi ni mapasa yetu.” Akakaa, akafunga miguu. “Bon. Mi niko nasema wazi, juu ni muzuri kusema wazi. Batoto balikuwa na miaka yao ya kupanda, uliitika mbele ya batu. Kosa ni ya guide René, alifunga gilet mubaya. Atalipa mbele ya sheria. Kama ingekuwa mutoto alikuwa mudogo, hapo ingekuwa maneno ya muzazi, parc haingetoa kitu. Mais si vile. Ou bien?”

“Si vile,” Bavon akasema.

Ursule alikuwa amekaa chini ku mukeka, kichwa ku ubao ya jeneza. Alimusikia. Sauti ikaanza kumupanda kutoka chini kabisa, ile sauti mwanamuke analia nayo mutoto yake, na alikuwa ameifungulia kinywa wakati mama Françoise akaingia na bamama yake, majani mu kiuno, udongo nyeupe ya mpemba ku uso, iko nacheza.

“Hapana! Mama mapasa, hapana!” Akamukimbilia, akamushika mashavu. “Mapasa habaliliwe! Ukilia huyu, ile ingine atamufuata. Kesho utazika mbili. Unataka? Mapasa habakufake, alikwenda kuteka mayi tu. Tutamuimbia. Cheka, mama. Cheka kidogo, mi najua, nilimuzika ya kwangu moya, sikutosha ata chozi, na ile ingine iko na batoto yake leo.”

Ursule akameza ile sauti. Ngoma ikaanza. Fikiri: mutoto iko mu jeneza, na mu parcelle batu beko nacheza kama ndoa, jirani banaitika, mavumbi inapanda. Bamama bakakamata Israël, bakamupaka mpemba uso muzima, bakamuvalisha shati nyeupe, bakamukalisha ku kiti kando ya jeneza. Kila mutu akipita anamugusa kichwa, anamuambia: “Wewe bakia. Usimufuate. Umesikia? Bakia.” Israël iko natetemeka mupaka ile kiti inapiga kelele.

Saa ya kula, Alfani akakuya, kofia mu mukono. Hakutaka kukaa. Akamuita Bavon kando ya nyumba.

“Papa, René iko mu kasho. Bibi yake alimupelekea chakula, hakuli. Mikono yake iko nafunga mukanda mu hewa, siku nzima, inafunga, inafungua. Anauliza alikosa wapi.” Akageuza kofia. “Mi nimefanya kazi ku ile mulango tangu ifunguliwe. Batu bananidanganyaka kila siku, ni mambo ya kucheka. Niambie mi peke yangu. Ile mutoto…”

“Alfani, tuko mu matanga.”

“Najua tuko mu matanga.”

“Basi heshimu.”

Alfani akavaa kofia yake, akaenda. Bavon akageuka, na bibi yake iko pale, ameegama ku ukuta.

“Ursule, usiniangalie vile. Ukisema, mi njo nitaingia mu kasho. Israël atakula nini? Hii jeneza, hii muchele, batabeba vyote mbele ya batu.”

“Babebe. Nitamuzika mu mukeka.”

“Nilitaka afurahi tu.”

“Najua. Njo maana nimekunyamazia. Na mi nilinyamaza kule, si mi muzuri kukushinda.” Sauti yake ilikuwa kavu kama kuni. “Mais sasa unanikataza kulia mutoto yangu, Bavon.”

“Si mi! Ni bale bamama.”

“Ni weye.”

Akamuacha pale, akarudia ku jeneza. Akapita karibu na Israël, na Israël akamushika kikwembe. Mpemba ilikuwa imekauka ku uso yake, ikipasuka fasi kinywa inafunguka.

“Mama. Mi nitakufa lini?”

“Nani alikuambia utakufa?”

“Bo wote. Banasema nisimufuate. Mi sitaki kumufuata, mama, mais kama yeye ananiita?” Akashusha sauti. “Niseme hatuko mapasa? Papa alinikataza.”

Ursule akasimama katikati ya bale benyi kucheza. Hakuomba batu banyamaze. Akafungua kinywa, na ile sauti yenye alimeza asubui ikatoka yote, murefu, mupaka mupiga ngoma akakosa mukono. Mama Françoise akamurukia, akamufunika kinywa na kiganja.

“Utamuua mwenyi kubakia!”

Ursule akatosha ile kiganja, polepole, kidole na kidole.

“Mama Françoise, uniache. Élise haikuwa mapasa. Nilimuzaa yeye peke yake. Israël alikuwa anakimbia tayari, alikuya kumuangalia ku hospitali na miguu yake. Élise alikuwa na miaka munane. Munane! Bwana yangu alidanganya ku mulango, na mi nilikuwa pale, na makuta yenu niliokota.”

Mama Françoise akaangalia mikono yake, nyeupe ya mpemba. Akatoa majani mu kiuno, tawi moya, tawi ingine, akazitupa chini.

“Ule kijana alitaka kumutosha,” akasema. “Alitaka kumutosha mu bateau. Ni mi nilikataza.”

Akakaa mu mavumbi. Na bamama bengine bakaangaliana, alafu moya akaweka mikono ku kichwa, akaanza kulia, kilio ya kweli, ya mutu mwenyi kufa mudogo.

Madame Bijou alikuwa tayari na telefone ku sikio. Ile agent akafuata Bavon ku ukuta. Bavon hakukimbia, alikuwa amechuchumaa, kichwa katikati ya magoti.

“Papa, mutoto alikuwa na miaka ngapi?”

“Munane.”

“Sema kwa nguvu.”

“Munane! Miaka munane!”

“Twende utasema vile mbele ya commandant.”

“Niache nimuzike kwanza. Ndugu, nakuomba. Ni mutoto yangu.”

Agent akaangalia madame Bijou. Madame Bijou akageuzia uso kwenyi camionnette. Wakati banapita na Bavon karibu na jeneza, akanyosha mukono aguse, haikufika, juu agent alikuwa amemushika ku mukanda ya suruali, vile banashikaka bezi. Batoto ya avenue bakafuata ile pikipiki ya polisi mupaka ku kona.

Bafanyakazi ya Oblanshi bakafungua kamba za bâche. Jua ikaangukia batu mara moya. Bakaanza kukusanya viti. Muzee mumoya hakusikia, balingoya asimame, bakavuta kiti yake nayo. Muchele ikarudia mu camionnette. Mufanyakazi ya kubeba jeneza akakaribia, akaona bale bamama, akarudia nyuma. “Madame, hii tuache,” akasema, na madame Bijou akapanda camionnette, akapandisha dirisha.

Bakabakia chini, ku udongo, mu jua, jirani, bamama, na mama Françoise bado na uso nyeupe. Ursule alikuwa amelala kifua yulu ya jeneza, iko nalia, iko naita jina. Ku pembeni Israël alikuwa amesimama, juu kiti yake nayo bameibeba. Alikuwa ameuma midomo. Tangu jana hakuna mutu alikuwa amemuambia afanye nini na macho yake.

“Mama,” akauliza, “na mi naweza kulia?”

Ursule akamuvuta na mukono moya, akamupangusa uso na kikwembe, kwa nguvu, mupaka ngozi ikaonekana.

“Lia,” akasema. “Ulikuwa yaya yake. Lia.”